Shangazi Kiti cha Nyuma

Msambweni gari halina siri. Mtu aweza kuficha mshahara wake, akaficha hata posa, lakini akipita mbele ya wazee wa barazani saa kumi jioni ameshika usukani wa gari wasilolijua, kabla ya magharibi ameshakuwa tajiri. Mimi nilikuwa tajiri kaskazi nzima bila kununua hata tairi. Kazi yangu ilikuwa kujaribu tu: leo gari jeupe, wiki ijayo jekundu, na kila moja nikilirudisha kwa mwenyewe kabla giza halijaingia. Lakini barazani kuna hesabu za kujumlisha, za kutoa hakuna. Lilipoonekana la rangi ya fedha, nikateuliwa katika kamati ya mazishi, upande wa usafiri.

Anayetafuta gari dogo Pwani Kusini hahangaiki kuyajua majina. Ni Vitz, Passo, Demio, Note, March na Fit, na anayekutajia jingine anataka kukuuzia la shemejiye. Karibu yote yametumika Japani kwanza, kisha yakashushwa bandarini Mombasa, na sheria yetu haiyapokei yakishapita miaka 8 tangu yaliposajiliwa huko kwao. Hayo ndiyo tunayoyaita mapya. Mshahara wa mwalimu haufiki kwa mapya. Mimi nilitafuta lile ambalo Mkenya mwingine ameshalizoea, ikiwezekana Mkenya mwoga.

Waoga, kwa mujibu wa madalali, wako tele. Kila gari nililoonyeshwa kutoka Kombani hadi Ukunda lilikuwa la mama mmoja daktari, aendaye kazini na kurudi nyumbani, hapiti njia ya vumbi wala hapakii mtu. Kama madalali wasema kweli, Kwale ina madaktari wa kike wengi kuliko wagonjwa.

Mjomba alinisihi nisiwe na pupa. Yeye bado anaisubiri Nyayo Pioneer. Gari hilo lilianza mwaka 1986, Rais Moi alipokiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Yakatoka magari 5 ya mfano, na sokoni halikufika hata moja. Mjomba hilo halimtii shaka. Fedha zake ziko tayari, asema, waliochelewa ni wao.

Basi nikaunda baraza langu la majaribio. Fundi alikuja kwa sababu ni lazima. Mke wangu alikuja kwa sababu nusu ya mkopo wa sako ni wake. Shangazi hakualikwa na mtu, ila alikuwa ameshavaa buibui nilipotoka nje. Shangazi yangu, Mungu amzidishie afya kama alivyokwisha kumzidishia kilo, ana magoti yasiyokunjika vizuri, kliniki yake Msambweni kila mwezi, na hitima Vanga mara kwa mara, kwa kuwa ukoo wetu una watu wengi na nusu yao wamezikwa Vanga. Alikaa kiti cha nyuma, katikati. Hapo katikati hapana upande, na yeye alizienea pande zote mbili.

Fundi yeye hana haraka na injini. Hutandika gunia, akalala chini ya gari, akaanza kugongagonga kwa bisibisi akisikiliza. Huku kwetu upepo wa bahari hula chuma polepole, na gari lililoishi mikoa ya theluji ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, huja likiwa limeshaonjwa. Bisibisi ikizama, yeye huinuka, akakunja gunia lake na kuomba nauli. Isipozama hufungua kifuniko cha oili, akamwambia mtu apige moto na kukanyaga mafuta, naye akasimama nyuma kuangalia moshi: wa bluu maana yake injini inakunywa oili, mweupe usiokoma maana yake maji yameshapata njia ya ndani. Kilomita za dashibodi hakuzitazama hata siku moja. "Hizo ni hadithi, mwalimu," alinambia. "Wewe tazama raba ya pedali. Gari lasema limekwenda kilomita elfu 40, na raba ya breki imelika mpaka chuma chaonekana. Huyo daktari alikuwa akikanyaga kwa jembe?"

Gari jeupe, Vitz, lilipita kwa fundi. Injini yake ni ya cc 996, silinda 3, na kwenye tambarare ya Tiwi lilikwenda vizuri hata nikaanza kupiga honi pasipo haja. Dalali akataka tuishie hapo. Mke wangu akasema twende Kwale.

Anayeijua barabara ya kutoka Kombani kwenda Kwale anajua alichokusudia. Mji wa Kwale uko juu ya Milima ya Shimba, zaidi ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, na ukishaiacha barabara kuu unapanda mpaka masikio yakuzibe. Tulikuwa watu wazima watano, kiyoyozi kimefunguliwa mpaka mwisho. Mwanzo gari lilinguruma. Halafu likalalamika. Halafu likanyamaza kwa namna iliyotutia hofu zaidi ya malalamiko. Milima ya Shimba ndipo mahali pekee Kenya palipobaki palahala wa porini, na kwa mwendo ule, laiti wangejipanga kando ya barabara, ningewahesabu pembe mmojammoja. Bodaboda iliyobeba abiria wawili na godoro ilitupita. Yule wa nyuma, aliyelikumbatia godoro, akatupungia mkono.

Dalali, aliyekaa mbele, akanyoosha kidole taratibu akazima kiyoyozi. Papo hapo gari likapata nguvu, kwa kuwa kiyoyozi nacho huendeshwa na injini ileile, na injini ndogo haina cha kugawa. Gari likapanda. Sisi tukaanza kuloa.

"Mbona baridi imekatika?" akauliza Shangazi.

"Huku mlimani, mama, hewa ni ya asili," akajibu dalali.

Shangazi hakusema neno mpaka Kwale. Aliposhuka, akatumia dakika kadhaa kulitoa goti la kulia, akajipangusa uso kwa leso, kisha akamwuliza dalali kama yule daktari mwenye gari alikuwa akipanda Kwale kwa gari hilo au akitibu watu wa bondeni peke yao.

Wakati huohuo habari zilikuwa zimenitangulia nyumbani. Jirani alikuja na hongera, na ndani ya hongera mlikuwa na ombi la kumpeleka mgonjwa Ukunda. Binamu ambaye hatujaonana tangu harusi yake ya kwanza akapiga simu kunikumbusha kuwa harusi yake ya pili ni Gazi, na vyombo vya bibi harusi ni vichache tu, kabati moja na kitanda. Nikamwambia gari si langu. Akacheka sana, akasema matajiri wote ndivyo wanavyoanza.

Jekundu, Demio, lilikuwa kwa mtu Mombasa, kwa hiyo jaribio lake likawa kulivusha Likoni. Kivuko kile kimekuwa kikivusha magari tangu mwaka 1937, na mtu angedhani kwamba kwa miaka yote hiyo kila aina ya gari imeshajifunza kuingia. Lakini siku ile ilikuwa ya bamvua na maji yalikuwa yamekupwa. Pwani tunajua maana yake: bahari hurudi nyuma sana, kivuko hushuka nayo, na ule mlango wa chuma unaolala gatini huwa mteremko mkali. Lori halina habari. Gari dogo lenye kidevu cha chini linayo.

Mtumishi wa kivuko alitutazama tunavyokuja, akatazama tairi za nyuma zilivyobonyea, akainama dirishani. "Mwalimu," akasema kwa upole wote, "mama ashuke kwanza."

Shangazi hakushuka. Alisema amevuka Likoni kabla mama yake huyo kijana hajaolewa, tena akiwa na mbuzi, na hakuna aliyemwambia mbuzi ashuke. Nyuma yetu honi zikaanza. Nikaenda. Sauti iliyotoka chini sitaki kuieleza. Mwenye gari aliyekuwa pembeni yangu alifumba macho akawa anasoma kitu. Tulipotulia ndani ya kivuko, mke wangu akauliza kwa nini hatukuzungukia Dongo Kundu, ambako siku hizi kuna madaraja na lami na mtu hafiki kwenye maji kabisa. Lilikuwa swali zuri, nalo liliulizwa tukiwa katikati ya mkondo. Ng'ambo ya pili mwenye gari alishuka, akapiga magoti mbele ya bampa lake, akatuambia bei imebadilika. Imepanda.

Lilikuwapo na la kijani, ambalo alhamdulillahi halikufika Msambweni kuongeza hesabu. Tulilijaribu Diani, barabara ya hoteli, yenye matuta ya kutosha kumpima mtu uti wa mgongo. Pale juu ya barabara kuna ngazi za kamba walizowekewa mbega, wavuke bila kugongwa na magari, na mbega ni wastaarabu, huzitumia. Kima wao hushuka. Tulisimama kivulini muuzaji apokee simu, na kima mmoja akaingia kwa dirisha la nyuma akachukua mfuko wa mahamri kutoka mapajani kwa Shangazi, mkononi mwake hasa. Nilibonyeza kitufe cha kupandisha kioo. Kioo hakikupanda. Nikabonyeza cha pili, hakikupanda. Muuzaji akakata simu, akasema vioo hivyo havina shida, mtu akishavizoea. Kima alikaa juu ya boneti akala mahamri yote akituangalia, na mke wangu akasema huyo ndiye mkaguzi wa kwanza kusema kweli tangu tuanze.

Likabaki la fedha, Note, kule Ukunda. Nililipiga moto, na kabla sijagusa gia, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye dashibodi: laini, ya taratibu, yenye heshima iliyopita kiasi.

"Wa alaikumu salaam, mwanangu," akajibu Shangazi.

Tukanyamaza wote. Dalali akaeleza ni Kijapani, magari mengi huja nacho, na kuna kijana hapo jirani hukata waya mmoja kwa shilingi 500. Shangazi akamkemea. Katika magari yote ya msimu huu, akasema, hili ndilo la kwanza kumwamkia mtu mzima. Kila nilipozima na kuwasha, mwanamke yule alisema maneno yaleyale, na kila mara Shangazi alimjibu na kumwuliza habari za watoto.

Nikajaribu redio. Redio za Japani za zamani masafa yake huanzia 76 na kukomea 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, basi tulizunguka Ukunda nzima tukisikiliza mvumo. Shangazi hakujali, yeye mazungumzo alikuwa nayo. Kiyoyozi kilikuwa baridi. Bisibisi ya fundi haikuzama. Raba ya pedali ilikuwa na meno yake yote, na dalali, kwa mshangao wa kila mtu, hakumtaja daktari.

Tulimpakia njiani kijana wa ukoo anayefanya kazi hotelini Diani, ambaye amechota Kijapani kidogo kwa watalii. Nikazima, nikawasha. Kijana akasikiliza.

"Anasema kadi haijaingizwa," akasema. "Kule Japani barabara kuu ni za kulipia, na gari huwa na mashine ya kadi. Kila likiwashwa bila kadi, anakumbusha."

"Kumbe anadai?" akauliza Shangazi.

"Ni kama anadai, shangazi."

"Na wewe," akanigeukia, "watu watano tumekaa tunamsikiliza mwanamke wa watu akidai haki yake asubuhi yote, nawe waendesha tu!" Akafungua fundo la leso, akatoa sarafu ya shilingi 20, na kabla dalali hajapata kauli, akajinyoosha katikati ya viti na kuitumbukiza kwenye mwanya wa CD. Ilisikika ikishuka ndani, mbali, ikigonga kitu na kingine. Mvumo wa redio ukakatika.

Nikazima gari. Nikawasha. Sauti ikaja tena, laini, ya taratibu, neno kwa neno.

Shangazi akauvuta ushungi wake. "Huyu," akasema, "ala riba."

Dalali alikuwa ameinamia ule mwanya akichungulia kwa tochi ya simu. Alipoinuka hakuwa na hasira hata chembe. Alinipa mkono akitabasamu.

"Mwalimu," akasema, "arubuni imeshaingia."