Sekretarieti Amekula Mahindi

Nina miaka kumi na mitano ya ushabiki wa mbio za farasi na sijawahi kumgusa farasi. Nalisema mapema ili anayetaka kuacha kusoma aachie hapa. Kwetu Karatu tuna ng'ombe, mbuzi, punda, na mbwa wasio na mwenyewe. Farasi ni mnyama wa televisheni, kama pengwini. Anayetaka kumwona akikimbia kwa macho yake apande basi hadi Nairobi, uwanja wa Ngong, na nauli ya kwenda na kurudi ndiyo ada ya shule ya mtu.

Ugonjwa huu niliambukizwa ndani ya kreta ya Ngorongoro. (Vitabuni wanaandika kasoko. Sisi madereva wa watalii tunasema kreta, na faru hawajalalamika.) Nilikuwa na mgeni mzee kutoka Kentucky, na siku hiyo simba walilala usingizi ambao hata nzi waliukatia tamaa. Mzee akaniuliza: pundamilia na farasi wakishindana hapa, nani anashinda? Nikamwambia farasi asingefika hata kwenye mstari wa kuanzia. Pundamilia hubeba virusi vya ugonjwa wa farasi bila yeye mwenyewe kuumwa, visubi wakimnyonya wanavihamishia kwa farasi, na farasi mara nyingi haponi. Mzee akaguna, akatoa simu, akanionyesha mbio za Belmont za 9 Juni 1973, alizozihifadhi humo kama wengine wanavyohifadhi picha za wajukuu.

Faru alipita nyuma yetu. Hatukumwona.

Farasi mwenyewe anaitwa Secretariat, mwekundu, kifua kama mlango wa ghala. Anatoka sambamba na mwenzake Sham, wanabanana, kisha Sham anaishiwa pumzi, na kamera inalazimika kurudi nyuma na kurudi tena ili wengine nao waonekane. Alishinda kwa urefu wa farasi 31. Maili moja na nusu kwa dakika 2 na sekunde 24, na rekodi hiyo ya Belmont haijavunjwa hadi leo. Karibu na mwisho mpandaji wake, Ron Turcotte, anageuza shingo kutazama saa ya uwanjani, maana wa kumtazama nyuma hayupo. Farasi huyo alipokufa mwaka 1989, daktari aliyempasua aliukadiria moyo wake kuwa na kilo 10, zaidi ya mara mbili ya moyo wa farasi wa kawaida.

Mtu wa Karatu haoni mbio hizo kama ngeni. Filbert Bayi, mzaliwa wa huku kwetu, alikimbia vivyo hivyo kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, hata miezi minane haijapita tangu Belmont: akashika mbele tangu mwanzo, John Walker akamfukuza hadi utepe, na mita 1,500 zikaisha kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Wajuzi wa farasi watakwambia damu ndiyo kila kitu, kwamba ukoo mzima wa farasi wa mbio unarudi kwa madume watatu waliopelekwa Uingereza kutoka mashariki. Bayi hakuwa na kitabu cha ukoo. Alikuwa na vilima.

Halafu kuna hili la umri. Farasi wa mbio wa kaskazini mwa dunia wote huongeza mwaka 1 Januari, hata aliyezaliwa Mei. Mgeni alidhani nitashangaa. Nusu ya wazee wa kijijini kwetu wamezaliwa 1 Januari, kwa mujibu wa kitambulisho cha taifa.

Basi niliponunua punda mnadani, dume la kijivu lenye sikio moja lililochanika, nikampa jina la Sekretarieti.

"Baba Neema," mke wangu alisema, "hilo jina lina wenyewe."

Sikumsikiliza. Kila alfajiri jirani zangu wakawa wananisikia nikipiga kelele uani: Sekretarieti, amka! Sekretarieti amegoma tena! Sekretarieti bila fimbo haendi! Niliona watu wakicheka, nikadhani wanampenda punda.

Shemeji yangu naye ana punda, na ana mdomo. Tukawekeana debe la maharage: kutoka bombani hadi geti la kanisa, kila mtu juu ya punda wake na madumu mawili ya maji ubavuni. Tulianza vizuri mno. Sekretarieti, ambaye hajawahi kuharakia kitu isipokuwa pumba, alitoka mbio kama ana habari za Kentucky. Tulipopita mti wa kwanza nilikuwa mbele hatua thelathini. Hapo Turcotte akaniingia. Nikageuza shingo taratibu, kwa madaha, nimtazame shemeji.

Sekretarieti naye akasimama, akageuka kuangalia ninachoangalia.

Mimi sikusimama. Niliendelea na safari peke yangu, kwa hewa, hadi kwenye tope. Dumu moja likapasuka, shemeji akapita akiimba, na mkeka wangu ukachanika kabla sijafuta macho. Nilipoinuka punda hayupo. Nikarudi bombani, kwenye foleni ya watu kama arobaini, nikatangaza kwa sauti ya mtu aliyefilisika: "Jamani, Sekretarieti amekula mahindi ya Mama Paulo, na hata ukimchapa hajali, amezoea!"

Jioni nikaitwa ofisi ya kijiji.

Mtendaji alikuwa na wazee watatu na daftari. "Tumesikia umesema hadharani kwamba Sekretarieti imekula mahindi ya wananchi."

"Mheshimiwa, sikusema imekula. Nimesema amekula."

Kimya. Mmoja wa wazee alifundisha Kiswahili shule ya msingi maisha yake yote. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha. "Ofisi haiwezi kuwa amekula," alisema. "Huyo ana roho." Wakatoka nje kuhakikisha. Ushahidi ulikuwa umefungwa kwenye mti wa ofisi, unamalizia tangazo la mkutano wa hadhara. Nililipa debe la mahindi kwa Mama Paulo, juu ya lile la maharage, nikapewa siku saba za kubadili jina.

Nilikuwa nalo tayari. Haru Urara, farasi jike wa Japani, alikimbia mara 113 bila kushinda hata mara moja. Machi 2004 wakampandisha Yutaka Take, bingwa wa nchi nzima, na bado akawa wa 10 kati ya 11. Watu walinunua tiketi zake kwa makusudi, wakaziweka kama kinga ya ajali barabarani, kwa kuwa kwa Kijapani neno la kupata kwenye dau ndilo hilo hilo la kugongwa. Dereva anayezipanda kona za Ngorongoro kwenye ukungu hawezi kuidharau hirizi ya namna hiyo. Kwangu mimi huyu ndiye farasi bora kuliko wote, Secretariat akiwemo.

Punda sasa anaitwa Haru. Jana amekula kabichi za mtendaji, na sikuitwa ofisini. Nimelipa elfu nane.