Shangazi, Hayo Matundu Nimeyafuma Mwenyewe

Glasgow, Uskoti

Shangazi yangu,

Ujumbe wako wa sauti umefika. Niliufungua ndani ya basi na simu ikaamua kuutangaza, kwa hiyo abiria wote wamesikia kwamba mtoto wa kaka yako amekaa Ulaya miaka yote hii akaishia kumtumia mjukuu wako blanketi lililotoboka. Kiswahili hawakijui, lakini mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alitikisa kichwa kwa masikitiko. Sauti yako ilimtosha.

Blanketi halikuliwa na panya. Wala yule kijana aliyekuletea hakulitumia kuchujia tui njiani. Limezaliwa na matundu. Nimelifuma mimi, kwa kulabu ya milimita 4, na kila tundu unaloliona nimelihesabu.

Kazi yangu unaijua: nakesha kwenye nyumba ya wazee. Wenyewe wakishalala, zamu huwa ndefu na chai ya huku ni ya maziwa baridi. Bibi mmoja asiyepata usingizi aliniambia mtu anayekaa macho saa nane za usiku bila kazi ama ni mvivu ama ni mwizi, akanitupia donge la uzi. Ukoo wake ni wa Ireland. Viazi vilipoanza kuoza kule mwaka 1845 na watu wakawa wanakufa kwa njaa, watawa waliwafundisha wanawake kufuma lesi kwa kulabu, matajiri wakainunua, na nyumba nyingi zikala kwa njia hiyo. Kwa hiyo bibi huyu hafundishi mchezo. Mshono ukilegea anafumua mistari yote, hata ikiwa ni ya wiki nzima, kisha anamalizia chai yake. Nilipolalamika kwamba vidole vinauma, akanijibu kuwa Malkia Victoria, uzee umemshika na macho hayaoni vizuri, aliwafumia askari mitandio kwa kulabu wakati wa Vita vya Makaburu, sembuse mimi. Malkia mwenyewe hampendi hata kidogo, kwa sababu ya ile njaa. Kwenye kufuma tu ndiko anakomtetea.

Umesema kufuma si kazi ya mwanamume. Shangazi, kaka yako, baba yangu mzazi, alikuwa akishinda chini ya mkungu akishona jarife, na hukuwahi kumwambia kitu. Sindano ya nyavu na kulabu tofauti yake ni samaki tu.

Ukataka pia jina la duka ili blanketi lirudishwe. Duka halipo. Mashine ya kufuma soksi Mwingereza William Lee aliibuni tangu mwaka 1589, lakini mshono wa kulabu mpaka leo mashine zimeshindwa kuuiga sawasawa. Kila kitu cha kulabu, hata kile kinachouzwa bei chee kwenye maduka makubwa ya huku, kuna mtu mahali fulani amekaa akakivuta uzi kwa uzi (na malipo yake bora tusiyaulize). Donge moja la gramu 100 lina uzi wa karibu mita 300, na blanketi la mtoto linakula madonge manne, matano. Piga hesabu. Zaidi ya kilomita moja ya uzi imepita kwenye kidole changu hiki cha shahada, halafu wewe unaniambia doti moja ya kanga ingetosha. Ingetosha, sikatai. Lakini kanga unazo sanduku zima.

Sasa nikuchekeshe. Blanketi langu la kwanza nililipeleka kwa dada mmoja wa Mombasa, jirani yangu hapa, aliyekuwa amejifungua. Nikaingia kifua mbele. Nikamkuta muuguzi anayezunguka majumbani kuangalia vichanga. Akaligeuza blanketi, akapitisha kidole kwenye matundu, akatabasamu: safi kabisa, hewa inapita. Unasikia, Shangazi? Mwenye taaluma yake ameyasifu. Kisha akaanza masharti. Mtoto alale chali, miguu iguse mwisho wa kitanda. Blanketi lichomekwe chini ya godoro na lisivuke mabega. Kofia avuliwe akiwa ndani. Chumba kiwe kati ya nyuzi 16 na 20. Tangu Uingereza ilipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, vifo vya ghafla vya vichanga vimepungua sana, kwa hiyo hapo hana mzaha, nami sikuwa na ubishi. Lakini nje baridi inapasua midomo, na mtoto amelala kichwa wazi, blanketi la mjomba limekomea kifuani! Isitoshe mtoto mwenyewe hakuwa na shida nalo. Tangu Agosti 2017 serikali ya Uskoti humpa kila mtoto anayezaliwa sanduku lenye nguo, vitabu, kipimajoto na blanketi, utaratibu ulioigwa kutoka Ufini, ulikoanza mwaka 1938. Nililichungulia hilo blanketi la serikali. Lina matundu.

Na huko kwako Tanga je? Picha za mjukuu wako nimeziona. Februari, nyuzi 32, umeme umekatika na feni imelala, naye amevishwa sweta, soksi na kofia ya sufu yenye masikio, akaviringishwa kanga, juu ya kanga shali, juu ya shali lile blanketi zito lenye picha ya chui. Kinachoonekana ni pua. Najua, upepo una mambo yake na mtoto ni wa arobaini, na mimi mwenyewe nililelewa hivyohivyo nikapona. Lakini hilo la chui apewe babu yake. Langu ni la pamba, nililichagua makusudi ili apate hewa. Lebo ya uzi inasema Uturuki, ila pamba ya Shinyanga na Simiyu nyingi inauzwa nje kabla haijawa uzi, kwa hiyo sitashangaa nikiambiwa nimenunua kwa pauni, huku nikinyeshewa, kitu kilichopanda lori kwetu.

Halafu nikuulize jambo, kwa heshima zote. Vile vitambaa vyeupe vya kwenye makochi yako, ambavyo mgeni akivikalia vibaya unamwinua, vina nini katikati? Si matundu? Tena makubwa kuliko yangu. Ni kulabu ileile na mshono uleule. Nilikuwa nikijiuliza iweje mtu mwenye sebule kama hiyo achukie blanketi langu, mpaka jana shemeji aliponitumia picha. Blanketi la mtoto liko juu ya televisheni, limekunjwa pembe tatu, na juu yake umeweka yale maua ya plastiki.

Basi tuyamalize hivi. La mtoto lirudi kwa mtoto. La televisheni nitakufumia lako, jeupe, lenye kishada kila pembe. Nitumie upana wake, na upime kwa futi ya fundi, usinipimie kwa shubiri. Msafiri anaondoka mwisho wa mwezi na amenipa kilo mbili tu. Mjomba wangu naye aambiwe kwamba kiti cha bajaji yake sifumi.