Miguu Juu

Desemba 1994 Sony waliitoa PlayStation huko Japani: kaseti kwaheri, diski karibu. Kasoro ilikuwa ndogo tu. Jicho la leza liliwekwa jirani na pawasaplai. Joto likapanda, reli ya plastiki ikalika, jicho likainama na kuanza kusoma kwa kusuasua, video zikikatakata. Wahandisi walikuja kulihamisha katika matoleo ya baadaye. Wenye mashine (watu wasio na adabu kwa teknolojia) hawakungoja: waliipindua miguu juu, ikacheza! Ikigoma tena, waliilaza ubavu. Basi yule mtoto aliyekuwa akifokewa sebuleni kwa kupindua vitu vya bei ndiye aliyekuwa fundi wa nyumba, bila cheti, bila hata bisibisi.