Mwongozo wa Kumsimamisha Dada Anayewahi Feri

Umeamua. Leo utamsemesha mwanamke usiyemjua. Hongera. Nje ya kisiwa cha Mombasa, kuanzia Likoni na Changamwe mpaka Kisauni, wako vijana wengi waliokutangulia katika uamuzi huo, na wengi wao wangali wamekaa pale pale walipoanzia, juu ya tofali lile lile. Mwongozo huu umeandikwa ili nawe usipitwe. Ufuate neno kwa neno. Ukishindwa, na utashindwa, usije ukasema hukuelekezwa.

Anza na mahali. Kanuni ya kwanza: usimsemeshe mwanamke mahali ambapo anaweza kuondoka. Kwa hili Likoni imekupendelea. Watu zaidi ya 300,000 huvuka kila siku, mwenda kwa miguu halipi kitu, na feri ikishaachana na gati, dada uliyemlenga hana pa kwenda ila baharini. Una dakika chache, zitumie. Jongea. Hapo utaona jambo la ajabu: dada naye anajongea, taratibu, mpaka kwa mama mmoja mpana mwenye ndoo ya samaki. Hawajuani. Hawajawahi kuonana. Mama anasukuma ndoo kwa mguu, dada anaingia kwenye ile nafasi, ndoo inarudishwa. Hakuna aliyefungua kinywa. Ukifika, utakayeongea naye ni mama: "Mwanangu, wapita?" Hapo hapapitwi. Angalizo: ndoo ile ina maji, na feri huyumba inapofunga gati.

Sasa salamu. Hii ndiyo nguzo ya kazi yote, kwa hiyo tutulie kidogo. Wenzetu wa nchi za mbali hujitaabisha usiku kucha kutunga sentensi ya kufungulia mazungumzo. Wewe umerithi moja isiyoweza kukataliwa. Sema "Asalaam aleikum." Kuitoa ni sunna, kuijibu ni faradhi, mtoto wa chuoni wa miaka sita alijua hilo kabla ya kujua kufunga viatu. Dada akinyamaza, amevunja adabu na dini kwa pamoja, nawe una haki ya kupaza sauti ili feri nzima isikie: "Hata salamu ya Mungu hujibu?" Akijibu, basi amekujibu! Maongezi yameanza, na akiyakatiza sasa, yeye ndiye mwenye maringo. Kama si Muislamu, tumia "Mambo, sister", kisha mlaumu vile vile. Ni mtego usio na mlango wa nyuma, umetengenezwa kwa neno ambalo maana yake ni amani, na walioturithisha neno hilo hawakuwaza kwamba litakuja kufanya kazi hii.

Lakini usijisahau. Kina dada wameusomea mtego huo kuliko wewe. Wapo wanaoijibu salamu kwa midomo bila sauti, macho yakiwa kwenye meli za Kilindini: haki ya Mungu imelipwa, yako haijaguswa. Wapo wanaovaa visikizi visivyochomekwa popote. Niliwahi kuona waya umening'inia hewani, na mwenyewe akitikisa kichwa kwa wimbo usiokuwepo. Angalizo: kabla hujaitumia salamu hiyo, ijaribu kwanza kwa baba yake, kwa sauti ile ile ya kuvuta.

Usiende peke yako. Watu husema kujiamini ni kitu cha moyoni. Si kweli. Kujiamini ni wenzako watano wamekaa maskani. Nimelishuhudia hili kwenye njia ya kuingilia Mtopanga. Kijana mmoja, jezi ya Arsenal, alimweleza mwanamke aliyekuwa ng'ambo ya barabara, juu ya kelele za matatu mbili na tuktuk, jinsi Mola alivyomuumba, kuanzia chini kwenda juu, kwa utulivu wa mtu anayesoma taarifa ya habari. Wenzake walicheka mpaka mmoja akapaliwa na muguka. Saa moja baadaye nilimkuta kijana yule kwa wakala wa M-Pesa, peke yake. Nyuma ya dirisha alikuwa mwanamke yule yule. Ndipo alipokuwa akienda, kufungua kibanda. "Samahani dada," akanong'ona, "naomba kutoa mia mbili." Dada akamwambia arudie, hakusikia. Akarudia. Hakusikia tena.

Kwa hiyo ujue mgawanyo wa kazi. Mechi ni ya wanaume kwa wanaume. Mwanamke ni mpira, na mpira hauulizwi kama unapenda kuchezwa. Ukikosa watazamaji, kuna muguka. Mwezi Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, aliipiga marufuku katika kaunti nzima, na haikupita muda mahakama ikaisimamisha amri hiyo, kwa hiyo ujasiri wa majani ukaendelea kupatikana. Angalizo: hukausha kinywa, na maneno yote mazuri yamo humo.

Mtoe kasoro. Mwaka 2005 mwandishi wa Marekani, Neil Strauss, alitoa kitabu kiitwacho The Game kuhusu wanaume waliojifunza kutongoza kama mtu anavyojifunza udereva. Moja ya mbinu zao ni kumsifu mwanamke kwa mkono mmoja na kumpunguza kwa mkono wa pili, ili aanze kutafuta kukuridhisha. Vijana wa Kisauni waliposimuliwa habari hizo walishangaa kwamba kuna watu walilipia. Huku mbinu hiyo ni ya bure na ina umri wa babu zetu: "Ungekuwa mzuri sana kama ungecheka." "Dera limekutoa, ila mwendo huo wa askari." Tumia. (Strauss mwenyewe, mwaka 2015, alitoa kitabu kingine kueleza jinsi mapenzi yalivyomshinda. Hicho hakisomwi maskani.)

Kama amejifunga leso, soma kwanza maandishi yake. Kule Biashara Street liko duka la Kaderdina Hajee Essak ambalo limekuwa likiuza leso tangu 1887, na kwa miaka mingi wanawake wamekuwa wakinunua majibu yaliyokwisha kuchapwa, kwa ajili ya mawifi, majirani, wake wenza na wewe. Huenda umekataliwa kabla hujafungua kinywa, tena kwa rangi mbili. Angalizo: maandishi ya leso hukaa chini, kwa nyuma. Ukiyasoma polepole, utaonekana unasoma kitu kingine.

Jifunze kusikia. Hapa wageni wengi hupotea, maana maneno yanafanana lakini uzito ni tofauti. Akisema "Sitaki", endelea; maskani wamekwisha kukufundisha kwamba hilo ni "nataka" lililovaa buibui. Akisema "Nina haraka", endelea, ukiharakisha naye. Akisema "Niache", cheka. Lakini akisema "Nina mume", simama papo hapo, kama mtu aliyekanyaga waya wa stima. Weka mkono kifuani. Omba radhi, si kwake, kwa mume: "Ah, pole shemeji, mwambie kaka sikujua." Huyo kaka humjui. Huenda hayupo. Naamini kabisa kwamba nusu ya kina dada wa Changamwe wameolewa na bwana mmoja tu, mrefu, baharia, mwenye hasira za karibu, ambaye hajawahi kuonekana na mtu; pete yake ilinunuliwa Kongowea kwa bei ya sahani ya viazi karai. Rafiki yangu mmoja wa kike anaishi Mikindani na bwana huyo ni mwaka wa nne sasa. Anasema hajawahi kupata mwanamume anayeheshimika kama yeye. Angalizo: usimuulize jina la mume. Atakupa la mtu anayekudai heshima.

Ukikataliwa, badilika haraka. Mpaka sekunde hii alikuwa mrembo, malkia, asali, ua la asumini. Sasa tamka: "Kwani we mzuri? Kwanza huna hata sura." Lazima isemwe kabla hajafika hatua ya tano, la sivyo wenzako watajua umeumia. Hakuna atakayekuuliza ilikuwaje ukapoteza dakika kumi kwa mtu asiye na sura. Hilo ni swali la mahakamani, halina nafasi maskani. Angalizo: anakumbuka. Ipo siku utapeleka barua ya posa nyumba fulani, na mwenye kuleta sinia la chai atakuwa ni yeye, dada wa bibi harusi.

Mkono uache nyumbani. Wako wanaoanzia hapo, hasa makanga wa steji, ambao abiria wa kiume humwita kwa maneno na wa kike kwa kiuno. Kabla hujawaiga, jua bei. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, kifungu cha 11A, kumshika mwenzio matiti au makalio bila ridhaa yake ni kifungo cha hadi miaka 5, au faini ya hadi shilingi 50,000, au vyote viwili. Na baada ya wanawake kuandamana Nairobi tarehe 17 Novemba 2014, kwa sababu ya mwenzao aliyevuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye steji ya matatu, Kanuni ya Adhabu iliongezwa kifungu cha 251A: kumvua mtu nguo kwa nguvu ni miaka isiyopungua 10. Waliomvua walikuwa wakimfundisha adabu.

Kwa upande wa maneno matupu, habari ni njema kwako. Kosa la usumbufu wa kijinsia katika kifungu cha 23 cha sheria ile ya 2006 linamhusu mwenye mamlaka au afisa wa umma anayeng'ang'ania kutaka mapenzi hali anajua hatakiwi. Wewe huna mamlaka popote, hata kwenu. Huenda ni mara ya kwanza kufaidika na kukosa kazi. Angalizo: mama wa ndoo ya samaki hajasoma kifungu cha 23.

Omba namba. Akikupa, ipige hapo hapo, "ili nawe uwe na yangu". Ukweli ni kwamba wataka kusikia mkoba ukilia. Yeye ajua. Ndiyo maana namba aliyokupa ni ya kweli, inalia, na anayeipokea ni kaka yake, fundi wa kuchomelea kule Chaani, ambaye kazi yake imemzoesha kutoogopa moto. Usijaribu kuichukua namba kwa wakala wa M-Pesa. Naam, huenda ipo. Lakini kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kuna jambo baya zaidi: utalazimika kueleza uliipataje, na hakuna namna ya kulieleza jambo hilo ukabaki na sura ya binadamu.

Ikitokea muujiza ukapata namba yake hasa, utaingia darasa la nauli. Atakuandikia hesabu: Kiembeni mpaka mjini, mjini mpaka kivukoni, na mia moja ya feri. Feri ni bure, nawe wavuka kila siku. Tuma hivyo hivyo, anakupima. Kisha kaa Likoni usubiri, umeoga, shuka umebadilisha. Saa nne za usiku simu itakuwa imezimwa, nawe utaenda maskani kulalamika kwamba wanawake wa siku hizi ni wezi. Wote watakubali. Hakuna atakayeuliza kwa nini siku zote ni yeye wa kusafiri, usiku, kuja chumbani kwa mtu aliyemjua Jumanne. Angalizo: kurudishiwa muamala huenda kukamtaka yeye aliyepokea akubali.

Na kwa kuwa hutaniamini, nitakueleza la kwangu. Nilikuwa kijana, nimetoka kusikiliza darasa la maskani wiki nzima. Feri ya jioni ilifika Likoni, na mbele yangu palikuwa na dada mwenye mfuko wa unga wa kilo ishirini na nne na jerikeni la mafuta. Nikakumbuka: msaidie, mwanamke hulainika. Nikasema, "Lete nikubebee, mrembo." Akanitazama kuanzia viatu. Akanipa vyote viwili. Tulipanda mteremko wa kivukoni, tukapita steji, tukapita wauza mihogo, mimi nikishusha mistari yote niliyoijua, pumzi ikikatika kila baada ya neno la tatu. Yeye alikuwa mbele, akiongea kwa simu na mtu kuhusu bei ya vitunguu. Mpaka Majengo Mapya. Mlangoni kwao nikaweka mzigo chini, nikajipangusa jasho, nikatabasamu. Akafungua pochi, akanipa shilingi hamsini.

Angalizo: ukipewa hamsini, ipokee. Mimi niliikataa kwa heshima zote, nikisema sikubeba kwa ajili ya pesa. Akadhani nataka zaidi. Akaguna, akaongeza ishirini.