Muulize Bi Hakosei

Wasomaji wangu, salamu zenu nimezipata, na zile zenye noti ndani ya bahasha nimezipata zaidi. Kwa wageni wa safu hii: mimi ni Bi Hakosei, mzaliwa wa Tanga, somo mstaafu wa mabibi harusi, mkazi wa makazi ya wazee, kitanda cha dirishani. Kitanda cha dirishani hakigawiwi ovyo. Aliyekuwa nacho alihama kwa hiari yake, baada ya mimi kumweleza faida za upepo wa mlangoni kila jioni mpaka akaelewa. Barua zenu nazihifadhi kwenye mfuko wa plastiki ulionunuliwa kabla ya marufuku ya Juni 2019. Mfuko huo ni mzee mwenzetu na haubebi vitunguu.

Tuanze.

*Bi Hakosei, jirani yangu wa kitanda huniibia kete kila tukicheza bao. Nikimshika anasema macho yangu ndiyo mabovu. Nifanyeje? — Mnyonge wa Ubao, Morogoro*

Mnyonge, umenirudisha mbali. Tanga ya ujana wangu bao lilikuwa la wanaume wa barazani, barakashia zimenyooka, na mwanamke alipita pale kwa ruhusa moja tu, ya kushika sinia la kahawa. Nami nikapita na sinia. Nikautupia ubao jicho moja, nikamwambia bwana mmoja mnene, "Hapo unatakata, huli." Alicheka. Akacheza. Akatakata. Tangu siku hiyo nilitolewa kigoda, na baadhi ya niliowafunga wakahamia Pangani, wakisingizia biashara ya nazi.

Sasa kuhusu wewe. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji ana zake 32. Mchezo ukianza, kumi ziko ubaoni, sita ndani ya nyumba na mbilimbili kwenye mashimo mawili ya jirani. Zilizobaki 22 ziko mkononi, za kunamua. Huo mkono ndio mlango wa mwizi, maana mtu anayenamua hutazama ubao wake, hatazami ngumi ya mwenzake. Kete za mkononi zikiisha mnaingia mtaji, na hapo lazima zote 64 ziwe ubaoni. Hesabu wakati huo, kwa sauti, mbele ya mashahidi.

Hiyo ni njia ya watu wa kawaida. Njia yangu ni hii: usiku chemsha kete zote na bizari ya manjano. Asubuhi chezeni, kisha kagua mikunjo ya msuli wake. Najua utasema na wewe vidole vyako vitakuwa vya njano. Hilo ni lako. Dawa haina kasoro.

Na macho, mwanangu: mwizi naye husema kweli. Ukiona ukungu mbele ya ubao, na taa usiku imezungukwa na duara, huenda huo ni mtoto wa jicho. Hautolewi kwa asali wala kwa maji ya ndimu, hutolewa kwa upasuaji mdogo, na wengi hurudi kulala kwao siku hiyohiyo. Ukipona utaziona kete zote. Utaiona pia sura ya jirani yako vizuri, kwa hiyo jiandae.

*Bi, kila mgeni anayetutembelea analeta sabuni. Chini ya kitanda changu viatu havina pa kukaa. Nisemeje bila kuonekana sina shukrani? — Msafi Kupita Kiasi, Shinyanga*

Msafi, umegusa taaluma yangu. Hakuna mzee aliyepigwa picha na wageni kunizidi katika makazi haya, na mfawidhi mwenyewe analijua. Mimi nina upande, upande wa kushoto. Kijana wa kamera akinijia kuliani namzungusha yeye, sijizungushi mimi. Waliwahi kunitaka nishike mche wa sabuni kifuani nicheke. Nikawaambia mche nitashika, kucheka tutazungumza.

Wageni hawa wana majira yao kama vuli na masika. Machi wanashuka wa kwanza, kuelekea tarehe 8, Siku ya Wanawake, wakiwa na sare za vitenge na bango refu kuliko gari. Kisha Pasaka, na Ramadhani popote itakapoangukia. Oktoba mosi ni Siku ya Wazee Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 1990, na nadhani viwanda vya sabuni navyo viliafiki. Desemba wanafunga hesabu. Julai humwoni mtu. Julai waweza kupendeza siku nzima na asikutazame hata paka.

Cha kufanya ni kuweka bei ukutani, kwa maandishi makubwa. Picha ya kawaida: betri mbili za redio. Tabasamu la midomo iliyofungwa: tochi. Tabasamu la meno, yawe yako au ya kuazima: miwani ya kusomea. Kukumbatiwa na mheshimiwa: pakiti moja ya nepi za watu wazima.

Usicheke. Nepi hizo ni ghali, na haziletwi kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana nazo pichani. Lakini mtu aliyeshindwa kuzuia mkojo huanza kukataa kutoka chumbani. Akikataa kutoka haji kula na wenzake, na akila peke yake anakula nusu. Hapo mzee anaondoka huku mnamtazama. Na tatizo lenyewe mara nyingi lina tiba, ila daktari hawezi kutibu siri. Basi mgeni akikuuliza mnahitaji nini, mtajie hizo, na mkasi wa kucha, na mafuta ya kujipaka, na mtu mmoja wa kukaa saa nzima asitazame simu.

Sabuni zilizopo zipange ziwe ukuta kati yako na jirani anayekoroma. Mimi wangu umefika kiunoni na usingizi ni mtamu.

*Tuko wawili chumba kimoja, redio moja. Mimi Simba, mwenzangu Yanga. Tangu mechi ya mwisho hatusemezani, na yeye hufungulia redio mpaka dari linatikisika. — Mnyama Mzee, Dodoma*

Mnyama, sijawahi kuelewa kwa nini watu wazima wanasumbuliwa na timu za Dar es Salaam wakati Tanga ipo. Mwaka 1988 bingwa wa nchi hii alikuwa nani? Coastal Union. Na Coastal Union ilikuwa na nani jukwaani? Mimi. Msimu ule kuna mechi nilipiga kigelegele, kipa wa wageni akageuka kutazama harusi iko wapi, mpira ukapita. Hilo bao halikuandikwa kwa jina langu, lakini Tanga nzima inajua.

Tuendelee, ingawa mimi ningeishia hapo. Ugomvi wenu hauna mwisho kwa sababu kila mmoja ana silaha. Yeye atakutajia 1968, mlipofungwa matano mkiitwa bado Sunderland, kabla ya jina la Simba kuja 1971. Wewe utamjibu kwa 1977, sita bila, Kibadeni wenu peke yake matatu. Yeye ataruka mpaka Novemba 2023, tano kwa moja. Wewe hapo utakumbuka ghafla kwamba hujasali. Wazee wawili mnaweza kuishi kwa hayo miaka mingi bila kugusa dawa.

Suluhisho: wote wawili hamieni Coastal Union kwa msimu mmoja. Mtapatana upesi, maana mtalia pamoja. Mkishindwa, zimeni redio siku ya mechi niwatangazie mimi kwa simu. Matokeo yatakuwa sare, na mtanilipa nusu kwa nusu.

Huyo mwenzako lakini usimhukumu kwa sauti ya redio. Huenda hasikii. Kwa wengine ni nta tu iliyoganda sikioni: asiichokonoe kwa njiti ya kiberiti, ataisukuma ndani, aende kliniki wamsafishe. Wewe ukiongea naye simama mbele yake akuone midomo, sema polepole, wala usipige kelele. Nawe anza kumsemesha leo. Ukimya wa chumba kimoja unazeesha kuliko miaka, na mtu wa kubishana naye huwezi kumwagiza dukani.

*Nina miaka 74, ni mgane. Bibi mmoja wa bweni la kina mama, mjane, amekubali posa yangu. Watoto wetu wanasema tunawaaibisha. — Kijana wa Zamani, Unguja*

Hatimaye limekuja swali la saizi yangu!

Kijana, mimi nimefunda mabibi harusi tangu Tanga ina meli za katani zimejipanga bandarini. Katika niliowafunda, aliyerudi kwao ni mmoja, na huyo alirudi kunishukuru, akakaa. Mwambie bibi yako aniandikie haraka. Nitamwelekeza singo: liwa, dalia, karafuu, vilowekwe kwa maji ya waridi, asugue taratibu, maana ngozi ya miaka sabini ni laini na inachubuka, hasa akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Asumini kwenye nywele, hata zikiwa chache. Chache ndizo zinazoonesha asumini. Udi afukize kwenye nguo, asiufukize chini ya kitanda. Vitanda vya makazi ni vya chuma na magodoro yametiwa plastiki. Tukio lililonifundisha hilo silielezi, ila kikosi cha zimamoto kilifurahi sana kunifahamu.

Unauliza aibu. Aibu ya nini? Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Ikishapita, mwanamke ni huru. Atafutwe walii wake, mwende kwa kadhi, na kadhi hatauliza wajukuu wanaonaje. Watoto wenu hawana haya, wana hesabu. Wanaona pensheni ya mama inahama nyumba. Basi wakae kitako wasikie: Pensheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na ikapandishwa baadaye, ni ya kila Mzanzibari aliyetimiza miaka 70, kwa jina lake. Haiangalii kama uliajiriwa wala kama umeolewa. Yeye yake, wewe yako. Mkiungana mnakuwa matajiri wa bweni.

Mwombeni mfawidhi chumba cha pamoja, mwombeni mapema, na mwombeni kwa maandishi. Akiguna, mwambie Bi Hakosei amesema. Akiuliza Bi Hakosei ni nani, huyo hafai kazi.

Mahari usipeleke sabuni.

*Bi, usiku nikienda chooni nimeanguka, si mara moja. Sijamwambia mtu, naogopa watanikataza kutembea. — Nimenyamaza, Kagera*

Nimenyamaza, hili ndilo swali kubwa la leo, na nilikuwa nimelitengea nafasi yote iliyobaki, kuanzia ile taarabu ya Black Star pale Tanga, nilipokwenda kutunza, kisigino cha kiatu kikakatika mbele ya wapiga muziki, nikaanguka kwa namna ambayo ukumbi mzima ulidhani ni mtindo mpya na akina mama watatu wakaiga. Lakini sahani zimeanza kulia. Leo ni wali wa nazi, na ukoko wa jikoni hapa una mwenyewe. Kwa hiyo haraka haraka:

Ukiamka usikurupuke. Kaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, hesabu mpaka kichwa kitulie, ndipo usimame. Tochi iwe chini ya mto, isiwe juu ya kabati. Kandambili zilizolegea tupa, vaa kiatu kinachoshika kisigino. Mkeka unaoteleza njiani utoe. Mfawidhi aombwe chuma cha kushikia ukutani chooni. Kwa fundi wa kuchomelea hiyo si kazi hata ya asubuhi nzima. Usiku kama choo ni mbali, ndoo karibu si aibu. Mchana kunywa maji hata kama huna kiu, kwa sababu uzeeni kiu huchelewa kupiga hodi.

Kisha beba dawa zako zote, za presha, za usingizi, na zile ulizopewa na shemeji, uende nazo kwa daktari azitazame pamoja, maana nyingine ndizo zinazokuangusha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inakuhesabu mzee ukiwa na miaka 60, na mzee asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bila malipo. Uliza dirisha la wazee. Ukiambiwa halipo, keti hapohapo mapokezi na uanze kuwasimulia maisha yako. Mimi nilifika kwenye ndoa ya kwanza tu, wakanihudumia.

Na mwambie mhudumu leo, kabla hujala. Anayetangaza kuanguka hupewa mkongojo. Anayeficha huvunja nyonga, na hapo ndipo kutembea kunapokatazwa kweli.

Waliouliza kuhusu urithi, meno ya bandia na yule jogoo, subirini toleo lijalo. Kuna mtu ameshika upawa na hana ruhusa yangu.