Radhi Imeiva, Pilau Bado

Ijumaa nilinunua pilau kwenye mgahawa ambao sitautaja, maana napita mlangoni pao kila asubuhi nikienda kituoni. Nyama ngumu kama kandambili. Wali juu una kiini, chini umeungua, na ukoko wenyewe, ambao kwangu huwa tunaugombania, ulikuwa mkaa mtupu.

Nikawatumia ujumbe. Dakika tano hazikuisha, jibu hilo: "Mpendwa mteja wetu, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Kuridhika kwako ndiyo furaha yetu." Na ua jekundu. Jamani! Pale mezani niliomba ndimu mara tatu sikuiona, lakini radhi imekuja mbio. Tena ni ya nne mwezi huu, na kila ikija inapendeza kuliko ya kwanza. Anayeziandika wangempa yeye mwiko.

Mama watoto akaisoma, akauliza, "Sasa hii tunaila na kachumbari?"

Ugonjwa huu hauko kwetu tu. Februari 2018, KFC ya Uingereza ilibadili kampuni ya usambazaji, kuku wakakwama, migahawa mamia ikafungwa. Muuza kuku hana kuku! Wakalipia ukurasa mzima gazetini: ndoo tupu, herufi za jina lao zimepanguliwa zikasomeka kama tusi. Watu wakacheka, tangazo likazoa tuzo. Januari 2022 ikawa zamu ya Kenya: chipsi zimeisha kwa sababu viazi vinatoka ng'ambo na meli zimechelewa, mtuwie radhi. Hebu mfikirie mkulima wa Nyandarua akisoma hayo huku amekalia magunia yake. Wakenya walikuja juu, na ndipo tukasikia kwamba viazi vya nyumbani navyo vitaangaliwa.

Domino's ya Marekani nawavulia kofia kidogo. Mwishoni mwa 2009 walitoka hadharani wakakiri kwamba wateja wanasema piza yao ina ladha ya kadibodi. Ila walipokiri, jikoni walishabadili unga, mchuzi na jibini. Hiyo radhi unaweza kuitafuna.

Sasa bwana meneja, kama safu hii inakufikia: nyama ibandikwe mapema, na mfuniko usifunguliwe ovyo. Ua jekundu baki nalo. Na ile elfu nane yangu ya Ijumaa bado naidai.