Kazi ya Kukaa Tu

Mtwapa ukitoka nyumbani Jumatatu asubuhi mkono umefungwa, hakuna atakayeuliza umeumiaje. Mji wetu una sifa zake, na sifa zenyewe zimejengwa usiku, kwa hiyo jeraha lolote linaloonekana kabla ya saa nne asubuhi huhesabiwa kuwa mali ya wikendi. Siku niliyotoka na kifungio cha kifundo cha mkono, kile cha kitambaa kigumu chenye bamba la chuma ndani, mwenye duka jirani alinitazama kwa huruma akasema, "Pole, Mama Saiba. Na baba watoto naye anaendeleaje?"

Nikamwambia hatukupigana. Ni kompyuta.

"Kompyuta," akarudia taratibu, akimtazama mteja wake. Wakaniachia hapo, kwa ile heshima anayopewa mtu anayesitiri mambo ya nyumbani kwake.

Hilo ndilo gumu la maradhi haya. Mgema akianguka mnazi, mtaa mzima utakwenda kumjulia hali. Fundi akijipiga nyundo, kila mtu ataona kidole kilivyovimba. Lakini anayeshinda kitini chini ya feni akibonyeza herufi, akisema mkono unamuuma, atajibiwa kwamba kazi yake ni ya kukaa tu. Nimeambiwa hivyo na mamangu mkwe, nimeambiwa na wateja, na nimeambiwa na kijana wa bodaboda ambaye kazi yake, nikiitazama vizuri, nayo ni ya kukaa tu.

Nina saiba ndogo kando ya barabara ya Malindi, mkabala na steji. Watu huja kutafuta cheti cha kuzaliwa kwenye eCitizen, kuomba mkopo wa HELB, kujisajili SHA tangu ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kuchapisha barua za chifu, kadi za harusi, na risala za marehemu ambazo daima huhitajika baada ya dakika kumi. Lakini kinachoulisha mkono wangu, na kilichoumaliza, ni ritani za KRA. Kwa mujibu wa sheria, ritani za mtu binafsi hupokelewa kuanzia 1 Januari hadi 30 Juni. Kwa mujibu wa Mtwapa, hupokelewa 30 Juni kuanzia saa nane mchana. Faini ya kuchelewa huanzia shilingi 2,000, na mbele ya shilingi 2,000 hakuna anayekumbuka kwamba mwenye saiba ana mikono miwili na mmoja unachoka.

Maumivu yalianza kwa ganzi. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa vinakufa usiku, nami naamka kuvifufua. Dawa yake ni kuukung'uta mkono, na kitandani kwetu hakuna nafasi ya kukung'utia. Usiku mmoja mkono huo, ambao haukuwa ukijua unakwenda wapi, ulimshukia mume wangu puani. Aliamka akisoma dua za kufukuza majini, na kabla ya chai ya asubuhi mamake alikuwa amekwishapata habari.

"Huyo ni wa baharini," mama akakata shauri. "Pwani hakuna ganzi ya bure."

Nikawa nakandwa kila jioni kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu. Kukandwa kwenyewe kulikuwa kuzuri, sikatai, ila asubuhi wateja waliingia saibani wakiulizia viazi karai. Mchana vitu vikaanza kuniponyoka: funguo, kikombe cha chai, mtoto wa jirani (huyo nilimdaka). Siku moja nilikuwa napanda matatu ya Kikambala, nimeshika chuma cha mlangoni, makanga akagonga bodi, gari likaondoka na vidole vikakataa kazi. Nikamkalia mzee aliyepakata jogoo. Mzee alinyamaza. Jogoo alisema yote.

Mtu aliyenielewa bila kunihoji alikufa mwaka 1714. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, alichapisha mjini Modena mwaka 1700 kitabu juu ya maradhi ya watu wa kazi mbalimbali, na katika toleo la Padua la 1713 akawaingiza makarani na waandishi. Alitaja mambo matatu yanayowamaliza: kukaa muda mrefu, kuupeleka mkono vilevile bila kukoma, na akili kukazana isije ikakosea hesabu. Ukiondoa wino, hiyo ni saiba yangu tarehe 30 Juni. Anasimulia pia habari za mwandishi mmoja wa hati aliyemfahamu. Mkono wake wa kulia ulichoka hadi ukapooza, akajifundisha kuandika kwa wa kushoto, na haukupita muda mrefu wa kushoto nao ukashikwa. Habari hiyo niliipata wakati nimekwishahamishia mausi upande wa kushoto, nikijiona mjanja. Niliirudisha kabla sijamaliza ukurasa.

Hata kwenye nchi zenye hospitali nyingi mambo hayakuwa mepesi. Australia miaka ya 1980 wachapaji na makarani waliolalamika mikono walikuwa wengi mno, hata madaktari wakagawanyika, wengine wakisema tatizo liko mkononi na wengine wakisema liko kichwani. Mamangu mkwe, ambaye hajawahi kufika Australia, angepatana na kundi la pili.

Mwishowe nilikwenda kwa mtaalamu wa viungo. Alinitaka nikutanishe migongo ya viganja, vidole vikitazama chini, nikae hivyo kama dakika moja. Kabla dakika haijaisha vidole vitatu vilikuwa vinawaka. Akanieleza kwamba kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ambamo hupita kano tisa za kukunjia vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu, wote kwa pamoja. Nikamwambia hapo asihangaike, sisi tunalo daraja la Mtwapa Ijumaa jioni. Kano zikivimba, njia haipanuki, na anayebanwa ni yule mnyonge katikati. Mshipa huo ndio unaopeleka fahamu kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho kina mshipa wake mwingine, kwa hiyo chenyewe kilikuwa kikilala salama na kuwatazama wenzake.

Akaniuliza kama nina sukari. Sina. Kama nina mimba. Nikamwomba asilitaje hilo mbele ya mama. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia kabisa: "Nyumbani nani anakuna nazi?"

Nani mwingine? Akacheka kidogo. Juu ya kompyuta peke yake, akasema, watafiti bado wanabishana ni kwa kiasi gani inaleta ubanaji huu. Lakini kushika kitu kwa nguvu huku kifundo kimekunjwa na kinazungushwa, huko hakuna ubishi. Yaani nilikuwa nashinda kwenye kompyuta, halafu jioni nakalia mbuzi kumalizia kilichobaki cha mkono. Nikafikiria wanawake wote wa Pwani waliokuna nazi za wali, za mbaazi na za samaki maisha yao yote, wakakanda unga wa mahamri alfajiri, wakasuka makuti mchana, na wakiamka usiku kukung'uta mikono wakaambiwa ni uzee. Mama mwenyewe hukung'uta. Nimemwona.

Nikarudi nyumbani na agizo: mume wangu akune nazi. Aliuliza kama daktari ameliandika. Alikuwa ameliandika. Mama akaichukua ile karatasi, akaiweka mbali na macho, akaisogeza karibu, akasema, "Mwanangu mimi akae kwenye mbuzi kwa sababu wewe unabonyeza?" Bwana alikuna nazi moja kwa muda ambao wali uliiva, ukapoa, ukaliwa mkavu. Kesho yake alinunua ya sokoni iliyokunwa kwa mashine, na hiyo ndiyo inayoliwa hadi leo. Mama anasema haina ladha, lakini amekwishaacha kukung'uta mkono usiku, jambo ambalo hatulizungumzi.

Kisha ikaja habari ya meza. Mtaalamu alisema visugudi vikae usawa wa herufi, vifundo vinyooke, nyayo zikanyage chini, na kioo kiwe mbele ya macho. Meza yangu ilitengenezwa na fundi bingwa wa vitanda, ambaye anaamini binadamu wote wana kimo kimoja, na kimo hicho ni chake. Nilimwomba apunguze miguu ya meza. Akaniambia meza ikipunguzwa inakuwa stuli. Basi nikapandisha kiti kwa rimu mbili za karatasi, visugudi vikafika. Nyayo zikaning'inia. Nikaweka kreti ya soda chini ya miguu. Sasa nikawa juu ya kioo cha laptopu, naitazama utosini, ikabidi nayo ipandishwe juu ya katoni na nitafute kibodi ya pembeni. Mteja akiingia haonani nami tena, anasikia sauti tu. Na kazi ikikolea, rimu ninayoikalia ndiyo inayochapishiwa, kwa hiyo kuelekea jioni huwa nashuka.

Kenya tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayomtaka mwajiri afanye mahali pa kazi pamfae mfanyakazi. Mwajiri wangu ni mimi. Nimemwandikia malalamiko na hajanijibu.

Nilijaribu pia kuacha kuchapa. Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma yake ya kuandika kwa sauti mwaka 2017, nikaona hapa nimepona. Nilikaa na mzee mmoja mwenye kesi ya mpaka, nikaisemea simu barua yake kwa chifu. Tatizo ni kwamba steji iko hatua chache, na simu haina ubaguzi. Ilitoka hivi: "Mheshimiwa Chifu, mimi mkaazi wa Mtwapa naomba msaada wako Mombasa mia Mombasa mia mama ingia mbele kuna nafasi jirani yangu amesogeza ua wake shuka shuka na watoto." Nilipotaka kusahihisha, mzee akanizuia. "Hapo pa shuka shuka paache," akasema. "Ndivyo nilivyomwambia."

Nikarudi kwenye herufi, na hapo nikagundua mbaya wangu mwingine. Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, aliyetuachia mpangilio wa herufi tunaoutumia tangu taipureta za miaka ya 1870, hakuwa akituwazia sisi. Aliitupa A pembeni kushoto, na anayechapa kwa vidole vyote huibonyeza kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile dhaifu. Mwingereza huihitaji kwa kiasi. Sisi je? Chapa "Wananchi wa Mtwapa wanaarifiwa" na kidole hicho kimekwishashuka mara tisa kabla wananchi hawajaarifiwa lolote.

Kinachosaidia zaidi ni kupumzika kidogo kidogo, kabla mkono haujaomba. Hakuna mteja wa ritani anayekubali jambo hilo. Zamani aliyenipumzisha alikuwa ni stima: ikipotea, saiba nzima inatoka nje, tunanyoosha mikono na kunywa kahawa. Kisha nikaweka betri ya akiba. Saiba ikasifiwa mpaka Majengo, na ndiyo miezi hiyo mkono ulipoharibika. Siku hizi kila nusu saa nainuka, betri ipo au haipo, nafungua na kufumba viganja, navuta mabega nyuma. Miguu ya nyuma ya kibodi nimeikunja ilale bapa. Mausi iko jirani na kibodi, siifuati tena nusu ya meza. Usiku navaa kifungio ili kifundo kisijikunje, na mume wangu amehamia upande wa kushoto.

Ganzi imepungua, haijaisha. Kwa hiyo naomba kitu kimoja kwa wateja wangu wa Mtwapa, Majengo na Kikambala. Ritani njoo Machi. Njoo na PIN yako, neno lako la siri, na fomu ya P9 kutoka kwa mwajiri. Machi hakuna foleni, feni inakufikia, na bei ni ileile ya Juni.